Je, mashine zimekaa katika kiti cha Mungu kule Ulaya? Jibu kwa mama katekista wa Katuba

Swali: "Mwalimu, mimi ni katekista katika parokia moja ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kifungua mimba wangu yuko Liège, Ubelgiji, anafanya kazi ya kompyuta. Amekwisha kuacha misa. Nikimuuliza, ananijibu kwamba yote aliyokuwa akimwomba Mungu sasa anayapata hospitalini, benki na kwenye simu, na kwamba neno likimsumbua usiku anaiuliza akili bandia, nayo inamjibu. Je, ni kweli kwamba teknolojia imekuwa dini ya watu wa kule? Na wadogo zake waliobaki hapa, nao watafuata njia hiyo? Nauliza kwa sababu binti yangu wa tatu anaomba kusoma informatika chuoni, na sijui nimruhusu au nimzuie."

Jibu:

Mama, mambo uliyoyauliza sitayachanganya, kwa kuwa la Liège lina historia yake na la Katuba lina yake. Nikitanguliza jibu kabla ya sababu zake, ni hivi: teknolojia imechukua kazi kadhaa zilizokuwa mikononi mwa dini, na zaidi ya kazi hizo imechukua tumaini, yaani ile hali ya kungojea kwamba kesho itatuponya mateso ya leo. Kile kinachowafunga watu pamoja, kikampa jirani haki juu ya muda wako, mfuko wako na hata usingizi wako, haijakichukua, na katika miaka yote ninayofundisha sosholojia ya dini sijaona dalili kwamba inajua kukishika.

Tuanze kwa kumpa mwanao haki yake, maana kuna jambo analolisema kwa ukweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, Bronisław Malinowski, aliishi miongoni mwa wavuvi wa visiwa vya Trobriand, karibu na Papua. Aliona kwamba walipovua katika maji ya ndani yaliyotulia, ambako samaki walipatikana kwa hakika na hapakuwa na hatari, hawakufanya uganga wowote. Walipotoka kwenda bahari kuu, penye dhoruba na mavuno yasiyotabirika, walifanya matambiko mengi kabla ya kushusha mitumbwi. Wavuvi walikuwa wale wale, na ufundi wao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kiasi cha hofu ambayo mkono wa mtu haufiki kuiondoa. Sasa mtu wa Liège hupitisha sehemu kubwa ya maisha yake katika maji yaliyotulia. Mtoto wake akishikwa na homa usiku, hakai kwanza kuhesabu fedha ndipo aamue kama atampeleka kwa daktari. Ubelgiji iliweka msingi wa bima yake ya jamii kwa sheria ya tarehe 28 Desemba 1944, vita vikiwa bado havijaisha, na tangu hapo ugonjwa, uzee na kukosa kazi vimetengewa fungu la fedha linalojulikana. Mwaka 2004 wanazuoni Pippa Norris na Ronald Inglehart, baada ya kulinganisha takwimu za nchi nyingi, walieleza kwamba ibada hupungua pale ambapo watu wamekua bila kuogopa njaa, maradhi na kifo cha mapema. Mimi naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa, hata kama inaacha mambo kadhaa bila maelezo.

Lakini kutokana na hoja hiyo hiyo unaona kwamba simu haikumtoa mtu yeyote kanisani. Ufaransa ilitenga Kanisa na serikali kwa sheria ya mwaka 1905, na katika Ubelgiji viti vya makanisa vilianza kubaki vitupu kabla ya watu kuwa na kompyuta nyumbani. Shule za serikali, bima ya jamii, mishahara ya uhakika na ugomvi wa muda mrefu wa kisiasa kati ya mapadri na wapinzani wao, hayo ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Mashine za leo zimeingia katika nyumba ambayo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuhama. Tena wengi waliohama hawakuacha kuamini: nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 28 katika kila 100 wanasema hawana dini, na bado wengi wao wanakiri kwamba yuko Mungu au nguvu nyingine iliyo juu ya mwanadamu.

Tumaini lao lilihitaji pa kutua, na lilianza kutua juu ya mashine mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1825 alifariki mjini Paris kabaila mmoja, Henri de Saint-Simon, aliyekuwa amefundisha kwamba wahandisi, wanasayansi na wenye viwanda ndio wanaostahili kuchukua uongozi wa jamii, na ambaye mwaka huo huo alitoa maandiko ya mwisho yenye jina la Ukristo Mpya. Wafuasi wake, wengi wao wahandisi vijana kutoka shule kubwa ya ufundi ya Paris, walifanya mawazo yake kuwa kanisa kamili. Walikuwa na kiongozi waliyemwita Baba, Prosper Enfantin. Walikuwa na nyimbo na mavazi yao. Walihubiri kwamba reli, mifereji na benki zitawaunganisha wanadamu wote kuwa familia moja. Mwaka 1832 watu wapatao 40 kati yao walihamia katika nyumba moja huko Ménilmontant, kilimani kando ya Paris, wakapika na kufua wenyewe bila watumishi. Kila mmoja alivaa kizibao ambacho vifungo vyake vilikuwa mgongoni, hata asiweze kukivaa asubuhi mpaka ndugu yake aje kumfunga. Mwaka huo huo mahakama ilimhukumu Enfantin kifungo, na kanisa lao likatawanyika. Alipotoka gerezani alikwenda Misri pamoja na wahandisi kuchunguza uwezekano wa kuchimba mfereji wa Suez, ambao mtu mwingine, Ferdinand de Lesseps, ndiye aliyeukamilisha mwaka 1869. Wengine katika kundi lao walijenga reli na benki za Ufaransa.

Nimekaa kwenye habari hii kwa makusudi, Mama. Watu wale walikuwa na imani kubwa katika ufundi kuliko mwanao, na pamoja na hayo walitambua kwamba reli peke yake haitamfanya mtu ampende mwenzake. Ndiyo maana walishona kizibao kile. Warithi wao wa siku hizi wameshika ahadi ya reli na kukiacha kizibao. Mwezi Januari 1967, huko California, mwili wa profesa mmoja aliyekufa kwa saratani, James Bedford, uligandishwa kwa tumaini kwamba sayansi ya baadaye itamfufua. Mpaka leo umehifadhiwa Arizona katika nitrojeni ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ray Kurzweil, mvumbuzi Mmarekani, ameutaja mwaka 2045 kuwa wakati ambapo akili ya mashine itaungana na ya mwanadamu na kubadili kabisa maisha yetu. Mhandisi Anthony Levandowski alifika mbali zaidi: alisajili nchini Marekani dini iliyokusudiwa kumheshimu mungu atakayetokana na akili bandia. Dini hiyo aliifunga mwishoni mwa 2020, fedha zake zipatazo dola 175,000 zikatolewa kwa mfuko wa kutetea haki za Wamarekani weusi, na mwaka 2023 akatangaza kwamba anaifufua. Hawa ni wachache, na sipendi uwahesabu Wazungu wote pamoja nao. Ninawataja kwa sababu wanasema kwa sauti kile ambacho wengi wanakitumaini kimyakimya: ufufuko, mwisho wa nyakati, na mwenye hekima yote. Wokovu wanaoungoja ni wa mtu mmoja mmoja, na katika mpango wao sioni mahali pa mgonjwa wa jirani.

Mtu wa kawaida wa Liège hagandishi maiti. Imani yake ni ya utulivu zaidi, na aliyeieleza vizuri kuliko wote ni Max Weber, katika hotuba aliyowapa wanafunzi wa Munich mwaka 1917. Mtu anayepanda tramu, alisema, hajui tramu inakwendaje isipokuwa awe mtaalamu wa fizikia. Inamtosha kujua kwamba anaweza kuitegemea. Watu wa jamii za kale walizijua zana zao vizuri zaidi kuliko sisi tunavyozijua zetu. Tofauti yetu nao ni kwamba tunaamini kuwa, tukitaka, tungeweza kujua, na kwamba hakuna nguvu isiyohesabika iliyojificha ndani ya vitu. Hiyo nayo ni imani, kwa maana tunaishi juu yake bila kuihakiki, na ina watu wanaosemekana kujua kwa niaba yetu.

Sisi wa Katanga tumepewa kuiona imani hiyo kwa upande wa mgongo. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu ya Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, na sehemu kubwa yake huishia katika betri. Aliyemwona mchimbaji akitoka shimoni karibu na Kolwezi, macho yamejaa vumbi, akashusha gunia la mawe kwenye mzani wa mnunuzi na kungoja aambiwe mawe yake yana asilimia ngapi ya madini, bila chombo chake mwenyewe cha kuhakiki jibu, hatashawishika kirahisi kwamba simu ni kitu kilichojitokeza chenyewe. Mwanao alizaliwa hapa na anayajua haya. Ninaamini utapata kwake sikio kubwa zaidi ukimkumbusha mikono ya watu hawa kuliko ukimsomea aya za Maandiko, kwa sababu mikono hiyo ni sehemu ya kazi anayoifanya kila siku.

Sasa nije kwenye lile la usiku, ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT cha Marekani, Joseph Weizenbaum alitoa programu aliyoiita ELIZA, iliyofanya jambo dogo sana: iliyageuza maneno ya mtu kuwa swali. Ukiiandikia kwamba una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Katibu wake, mwanamke aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alijaribu kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo peke yake. Weizenbaum alishtuka, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa akiwaonya watu wasiiachie mashine mambo yanayohitaji moyo wa mtu. Mimi namtazama zaidi yule katibu. Alijua vizuri kwamba ile ni mashine. Alikuwa na neno zito, na alitafuta mahali pa kuliweka pasipo na jicho la kumtazama. Mwanao yuko mji wa ugeni, baridi nje, wenzake wa kazi hawaulizi habari za nyumbani. Usimcheke wala usimwambie kwamba anaongea na shetani. Programu za leo zina uwezo mkubwa kuliko ELIZA, na mara nyingi ushauri wake ni mzuri. Akili bandia inaweza hata kumwambia aende akaombe msamaha kwa mtu aliyemkosea. Lakini haikukosewa, hivyo haina msamaha wa kutoa. Haimngoji arudi kusema kama alikwenda au hakwenda. Na padri amefungwa na siri ya kitubio mpaka kaburini, ilhali maneno anayoyaandika mwanao hupita katika kompyuta za kampuni, na kampuni inaweza kuyahifadhi.

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, aliandika mwaka 1912 kwamba dini ni imani na desturi juu ya mambo matakatifu, zinazowaunganisha wote wanaozishika katika jumuiya moja ya kimaadili. Wasomaji wengi huishika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, na ndipo wanapodhani kwamba kitu chochote kinachostaajabiwa ni dini. Wewe, Mama, unaijua nusu ya pili kuliko mimi. Kilio kikiingia katika avenyu yenu, kabla ya giza viti vya plastiki vimekwisha kupangwa chini ya turubai. Mama mmoja amekuja na makala, yaani makaa ya kupikia, mwingine na unga wa bukari, yaani ugali. Kijana ameketi mezani na daftari anaandika jina na mchango wa kila mtu. Na usiku wa manane yupo dada ambaye hajaitwa, amelala kwenye mkeka karibu na mjane ili asiamke peke yake. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa sababu anapenda. Wengine wamechoka, wengine wana deni, na yule wa mkeka huenda aligombana na mjane juma lililopita. Wamekuja kwa sababu hawawezi kutokuja. Liège kuna kampuni za mazishi zinazofanya kazi kwa usafi na heshima, na kuna majirani wema pia, lakini huduma ya kampuni huisha siku ankara inapolipwa. Hapo ndipo ninapokataa kusema kwamba teknolojia imekuwa dini ya watu wa kule: imewaondolea haja nyingi za kuhitajiana, na kitu kinachofanya kazi hiyo hakiwezi wakati huo huo kuwafunga pamoja.

Kuhusu wadogo zake, historia ya mkoa wetu inapaswa kututuliza kidogo. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ilileta katika miji hii viwanda vikubwa, hospitali, shule na kambi zilizopangwa kwa mistari, na wako waliotazamia kwamba mfanyakazi wa tanuru la shaba angeisahau dini haraka. Kilichotokea ni kinyume. Miaka ya 1950, katika kambi hizo hizo za wachimba migodi, kuanzia upande wa Kolwezi, ilizaliwa Jamaa, harakati ya watu waliooa na kuolewa waliokutana kuzungumza juu ya umoja, upendo na uzazi wa kiroho, pamoja na padri Mfransisko Placide Tempels. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeitafiti miaka ya 1960, alikuta mafundisho yake yakitolewa kwa Kiswahili na wafanyakazi wenyewe. Watu waliokuwa karibu zaidi na mashine ndio waliotafuta undugu wa ndani zaidi. Tangu hapo dini na vyombo vimeendelea kukaa pamoja hapa kwetu bila ugomvi: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inaitaja nchi kuwa isiyofungamana na dini yoyote, huku fungu la kumi likitumwa kwa simu na novena ikisaliwa kwenye kundi la WhatsApp. Makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi mpaka Agosti 2020, simu ilibeba mahubiri, na siku milango ilipofunguliwa watu walirudi.

Hofu yangu kwa vijana wa hapa iko upande mwingine, nami nitaisema wazi kwa sababu wewe ni katekista. Ninachokiona katika vyumba vingi vya maombi ni dini kufanywa mashine. Kijana anaambiwa kwamba akitoa sadaka ya kiasi fulani, akafunga siku kadhaa na kutamka maneno fulani, visa itatoka, kazi itapatikana, mchumba atakuja. Isipotokea, ameikosea hatua mojawapo na inabidi aanze tena, kwa sadaka nyingine. Hiyo ndiyo sala ya kubonyeza ili upewe. Mtoto aliyelelewa hivyo, siku atakapofika mahali ambapo visa, kazi na dawa vinapatikana kwa njia nyingine, hana sababu ya kuendelea kusali, na kwa mantiki aliyofundishwa atakuwa sahihi. Sijui mwanao alifundishwa namna gani, wala sisemi kwamba ndivyo ulivyomlea. Lakini jibu alilokupa, kwamba yote aliyoyaomba sasa anayapata, linaonyesha kwamba sala alizozikumbuka zilikuwa za kuomba vitu. Zile za kushukuru, za kutubu, za kumkabidhi marehemu, hakuzitaja, na hizo hakuna benki inayozitimiza. Ningekuwa wewe ningeanza mazungumzo hapo. Ningeacha kumuuliza kama amekwenda misa, nikamwomba anisimulie alifanyaje mara ya mwisho alipofiwa akiwa huko, ni nani alikuja kuketi naye, na kama hakuja mtu, usiku ule ulipitaje. Msikilize mpaka amalize. Tena mwekee kazi katika familia: mwambie kwamba daftari la michango ya ukoo sasa litakuwa kwake, alitunze kwenye kompyuta, awapigie wanaochelewa na kuwajulisha wote panapotokea msiba.

Na yule binti, mwache asome informatika, wala usimwekee sharti la kuapa kwamba hatapotea. Huko atafundishwa kwamba programu imeandikwa na watu, kwamba ina makosa yao na maslahi yao, na kwamba jibu linaloonekana kutoka pasipojulikana lina njia iliyopitia. Anayeyajua haya ni vigumu kwake kuipigia magoti mashine. Mwulize mapema kuhusu karo ya mwaka wa kwanza na kompyuta ya kutumia, kwa maana umeme wa chuo na wa nyumbani hukatika, na mwanafunzi wa fani hiyo anahitaji betri inayokaa. Kaka yake wa Liège anaweza kumsaidia kuchagua.